Jibu: Plagi ya betri haiingii kwenye bodi

Mkuu, umesema plagi "za JST" ulizonunua haziingii kwenye Feather yako, ile bodi ndogo ya kielektroniki ya Adafruit. JST ni kampuni ya Japani yenye konekta za kila namna, kwa hiyo jina hilo pekee dukani halitoshi. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata: 2.0 mm ni aina ya PH, 2.5 mm ni XH, 1.0 mm ni SH. Sehemu ya betri kwenye Feather ni PH.

Agiza ganda la plastiki la PHR-2 na vichuma vya SPH-002T-P0.5S vinavyobanwa kwenye ncha za waya, pamoja na waya wa AWG (kipimo cha unene) 24 hadi 30. Vichuma chukua mara mbili ya unavyohitaji, vingi hupinda wakati wa kubana. Huna koleo la kubania vichuma? Nunua nyaya zilizokwisha kubanwa.

Kinachounguza bodi hasa ni chanya na hasi kugeuzwa. Wauzaji hawafuati mpangilio mmoja, na rangi nyekundu isikudanganye. Pima kwa multimita, linganisha na alama za + na − kwenye bodi. Zikiwa zimegeuka, legeza kilimi kinachoshika kichuma ndani ya ganda kwa ncha ya sindano, toa waya mmoja, uuzungushie selotepu ndipo utoe wa pili. Ncha zikigusana, betri inapiga shoti.