Chukua futi kwanza, pesa baadaye

Jumamosi iliyopita nimerudi kutoka Bukoba kwa pikipiki. Kama kilomita 400 kwenda kutoka hapa Mwanza, nikalala, kesho yake nikageuza. Nilipoingia nyumbani jioni, kabla hata sijavua jaketi, mwanangu alinikimbilia nikamnyanyua mpaka begani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Leo hujashika kiuno, baba." Ni kweli. Miezi kumi nyuma nilikuwa nashuka kwenye pikipiki hiihii kama mzee aliyeteremshwa kwenye lori.

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa msomaji wa Sengerema. Amenunua pikipiki kama yangu, Suzuki V-Strom 650, mpya, na ametenga milioni mbili za kuifanyia marekebisho: "Kaka, nianzie wapi?" Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wengine wasikie. Hiyo milioni mbili iache ilipo. Mimi yangu niliitapanya, na bado inaniuma.

Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Suzuki V-Strom 650 ile niliinunua kwa akiba ya miaka sita, gunia kwa gunia, na siku ya kuichukua siti ilikuwa bado ina nailoni. Tenki lita 20, uzito kilo 213, siti iko sentimita 83.5 kutoka ardhini, na mimi urefu wangu ni sentimita 168. Safari ya kwanza nilikwenda Musoma. Kufika Magu makalio yanawaka moto, kufika Bunda mgongo umekaza, na njia nzima usukani ulikuwa mwepesi mno, gurudumu la mbele likitangatanga kama halijui linakokwenda. Usiku wa kurudi kila lori lililokuja mbele yangu liliniwashia taa kali. Nilidhani ni ukorofi wa madereva. Kumbe walikuwa wananiambia ugonjwa wa pikipiki yangu, nami sikuelewa.

Nilichofanya ni kununua. Ndani ya wiki mbili nilifunga spesa za kupandisha usukani, kioo kirefu cha mbele, boksi kubwa la nyuma na siti mpya. Vitu vinne kwa mpigo. Ndiyo maana mambo yalipoharibika sikujua ni kipi kati ya vinne kilichoniharibia.

Siti ndiyo iliyofeli haraka. Fundi alinijazia sponji nene, laini, tamu ukiikalia dukani. Saa moja barabarani sponji ilishazama, nikawa nimekalia plastiki ya chini. Kioo nacho kilinipigia upepo juu ya kofia hadi macho yakacheza. Hayo mawili nayapita, kwa sababu usukani nusura univunje mguu.

Spesa zilikuwa zimeinua usukani kwa milimita 30. Fundi alifunga, akakaza bolti, nikalipa, nikaondoka. Asubuhi moja nakata kona ya kupandia kwetu Isamilo, kale kanjia kanakopita kati ya mawe, nikageuza usukani kushoto hadi mwisho. Injini ikanguruma yenyewe. Sikuwa nimevuta mafuta. Pikipiki iliruka mbele, ikagonga jiwe, ikanilalia mguu wa kushoto. Vijana wawili wa bodaboda ndio walioinyanyua. Kifundo kilivimba, wiki tatu sikufika Mwaloni, na msimu wa dagaa haukunisubiri.

Sababu yake ni ndogo kabisa. Ukiinua usukani, waya wa mafuta unabaki na urefu uleule. Ukinyooka sawa huoni tatizo. Ukikata kona kali waya unavutika, na injini inapokea mafuta ambayo hujaiomba. Nilirudi kwa fundi nikichechemea. Akaniambia nilivuta mwenyewe kwa woga, mbele ya wateja wake. Sijarudi pale tena, na sijalisahau neno lile.

Fundi mwingine aliupitisha waya njia fupi zaidi, akafunga spesa za milimita 20 badala ya zile za 30. Tangu siku hiyo, kila ninapogusa chochote kwenye usukani, nawasha injini pikipiki ikiwa imesimama, sivuti mafuta, nageuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, nasikiliza. Mlio ukipanda hata kidogo, hatuendi popote. Naangalia pia bomba la breki ya mbele kama limekaza. Dakika moja tu. Fanya hivyo, mdogo wangu. Nakuomba ufanye.

Sasa nikiwa nimekaa nyumbani na mguu juu ya stuli ndipo nilipofungua kitabu cha mwongozo kilichokuja na pikipiki. Pembeni, chini ya siti, V-Strom ina kitasa cha mkono cha kukaza springi ya shokapu ya nyuma. Huhitaji spana. Miezi yote ile sikuwahi kukigusa.

Nikamwita mke wangu na mdogo wake, tukachukua futi. Kwanza waliinua nyuma mpaka shokapu ikanyooka, tukapima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyoichora kwa penseli juu yake: milimita 620. Kisha nikapanda na jaketi, kofia na mizigo yote ya safari, shemeji akanishikilia: milimita 545. Pikipiki ilikuwa inazama milimita 75, na gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda na kushuka kama milimita 160 tu. Karibu nusu imeshaliwa kabla sijakutana na tuta hata moja! Inayotakiwa ni kama theluthi moja. Nikazungusha kitasa, tukapima, nikazungusha tena, hadi ikafika milimita 570, yaani inazama 50 tu.

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale malori. Nyuma ikizama, pua inainuka, taa inapiga machoni mwa watu, na gurudumu la mbele linakosa uzito wa kushikilia lami. Boksi langu lilizidisha, maana linakaa nyuma ya ekseli. Kila kilo unayoweka mle inanyanyua mbele. Spana na vipuri nikavihamishia chini, kwenye mifuko ya pembeni. Boksini siku hizi ni koti la mvua na mkate.

Mengine nayataja upesi. Nililegeza bolti za mikono ya klachi na breki nikaizungusha chini kidogo, vidole vifuate mstari wa mkono. Ganzi ya viganja ikaisha, bure. Kioo kirefu nilikivua, nikarudisha cha kiwandani na kukipandisha tundu moja kwa spana ya L. Upepo wa tairi napima asubuhi tairi zikiwa baridi, psi 33 mbele na psi 36 nyuma nikiwa peke yangu. Siti ilijazwa upya kwa sponji ngumu, ikapunguzwa upana kwa mbele, nyayo zangu sasa zinafika chini. Usikubali anayekwambia uishushe pikipiki nzima. Matuta ya kwetu yatakusugua tumbo la injini.

Jumamosi upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Nilipita lile Daraja la Magufuli, Busisi hadi Kigongo, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Zamani pale tulisubiri kivuko. Nilibana tenki kwa magoti, nikalegeza mikono, nikaiacha pikipiki iegemee upepo yenyewe. Ilinyooka kama reli. Nilifurahi peke yangu ndani ya kofia, nikapiga kelele hadi Kigongo.

Vijana wenzangu, tunakimbilia kufunga vitu kabla hatujajua mashine ilivyo. Tunaona picha, tunanunua. Ipande kwanza kilomita elfu moja ilivyo. Badili kitu kimoja, safiri, andika, ndipo uguse kingine. Kimoja. Mwili wako ndio utakaokwambia kinachofuata, na kama unauma usione aibu kusema.

Kwa ndugu wa Sengerema: ukipata nafasi Jumapili, vuka uje Isamilo. Futi ninayo. Njoo na mizigo yote unayosafiri nayo, tenki likiwa limejaa, na umlete na shemeji, maana kupima kunahitaji watu watatu.