Jibu kwa Mama Neema: seli shina na kovu la moto

Mama Neema, pole sana kwa mwanao kuungua. Umeuliza kama kweli seli shina, yaani seli changa za mwili zinazoweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine, zinaweza kugeuka ngozi, au ni biashara ya watu. Kweli zinaweza, tena mwilini zinafanya hivyo kila siku.

Mdogo wangu aliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia mihogo, hapa Ngarenaro, Arusha. Madaktari walimchuna ngozi nyembamba pajani wakambandika mkononi. Nilipokuwa nambadilishia bandeji, niliona vidoa vya waridi vikichipuka kwenye paja, vikatanuka mpaka vikaungana. Hizo ni seli shina zilizobaki kwenye mashina ya vinyweleo, ndizo zilizozaa ngozi mpya. Kidonda kikiingia ndani sana mashina hayo yanateketea, ndiyo maana kinahitaji kubandikwa.

Mwaka 1975 watafiti Rheinwald na Green, huko Marekani, walifanikiwa kuziotesha seli za ngozi ya binadamu maabara. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mtoto mmoja kule Ujerumani, mgonjwa wa ngozi ya kurithi, alirudishiwa karibu asilimia 80 ya ngozi yake kwa njia hiyo. Ila ngozi ya maabara haina vinyweleo wala tezi za jasho.

Krimu za "seli shina" zinazouzwa mitandaoni achana nazo, dada, tafadhali. Kwa kuwa uko Moshi, mpeleke hospitali ya KCMC wamtazame kabla kovu halijavuta vidole.