Maswali ya Wasomaji: Gari la Kulala Safarini kwa Mume na Mke

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi na mume wangu tunaishi Nzuguni, hapa Dodoma, na tuna miaka mitatu katika ndoa. Kila tupatapo likizo tunafunga hema na kuondoka: tumelala Kolo, tumelala kandokando ya bwawa la Mtera, na mwaka jana tulifika Ruaha. Upepo na vumbi vimetuchosha, kwa hiyo tumeamua kununua gari na kuligeuza liwe la kulala. Mume wangu anataka Land Cruiser hardtop kwa sababu anasema njia za huku hazina huruma. Mimi naona HiAce lenye bodi ndefu litatufaa na litatubakizia fedha za safari zenyewe. Marafiki nao wanasema Noah inatosha. Tumeshindwa kuafikiana, tuchague lipi?
Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu, na salamu zangu zimfikie mwenzako. Kabla sijataja gari lolote, ninawaomba jioni ya leo mchukue karatasi na kuandika safari zote mlizofanya katika miaka hiyo mitatu, na kwa kila safari muonyeshe kilomita za lami, kilomita za vumbi na mwezi mliosafiri. Kwa jinsi ulivyonieleza, ninaamini karatasi hiyo itaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mwendo wenu ni lami. Dodoma hadi Kondoa na kuendelea hadi Babati ni lami, Dodoma hadi Iringa kwa kupitia Mtera ni lami, na Singida vivyo hivyo. Taabu huanza mnapoiacha barabara kuu, kama vile kupanda kutoka Kolo kuelekea kwenye michoro ya miambani, au kuzunguka ndani ya hifadhi ya Ruaha.

Sasa chukueni futi kamba, kwa sababu wengi huulizana habari za injini na kusahau kwamba wananunua kitanda. Land Cruiser hardtop la mgongo mrefu ni gari ninaloliheshimu sana: lina gia nzito za kupandia, na fundi wa kijijini anaweza kulifungua akalifunga. Lakini nafasi ya nyuma ni nyembamba kwa watu wawili, kwani maboksi ya magurudumu yanaingia ndani, na mkitaka kulala kwa raha mtalazimika kuinua paa au kufunga hema la juu ya gari. Hema la namna hiyo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 70 kwa kawaida, nao unakaa juu kabisa, mahali ambapo gari hupenda kuyumba katika kona. Zaidi ya hayo, mtakuwa mmerudi kwenye hema lilelile lililowachosha kwa upepo wa Dodoma, safari hii likiwa juu zaidi.

HiAce la umbo lililotoka mwaka 2004, katika bodi ya kawaida, lina urefu wa mita 4.7 hivi na upana wa mita 1.7 kwa nje. Ndani, upana haufiki mita 1.6, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Kitanda kitakaa kwa urefu. Bodi ndefu na pana ina urefu wa mita 5.38 na upana wa mita 1.88, na sehemu yake ya mizigo inapita mita tatu. Hapo ndipo mnapopata kitanda kamili, kabati la vyombo na nafasi ya mmoja kuvaa viatu wakati mwenziwe bado amelala. Msidanganyike, hata hivyo, kwamba mtasimama wima, kwa kuwa hata lenye paa la juu humlazimu mtu wa kimo cha wastani kuinamisha kichwa. Noah ni nzuri kwa vijana wanaolala usiku mmoja na kurudi nyumbani. Kwa safari ya wiki nzima, kila usiku mtakuwa mnahamisha mizigo kwenda viti vya mbele ili mpate pa kulala, na jambo hilo dogo huwagombanisha watu kuliko ubovu wa barabara.

Kwa hiyo katika hoja hii niko upande wako, mwanangu, lakini mwenzako ana haki katika mambo mawili ambayo ninaomba usiyapuuze. La kwanza ni mvua. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa upande wa Bahi na Manyoni, hushika tairi kama ulimbo. HiAce linalovuta kwa magurudumu yote manne husaidia kwenye matope mepesi na mchanga, lakini halina zile gia nzito za Land Cruiser, na likizama hadi tumboni halitoki kwa nguvu zake lenyewe. Mkinunua HiAce, basi mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba njia za mbuga ni za Juni hadi Oktoba, na kwamba miezi ya mvua ni ya lami na vituo vilivyo karibu na lami. La pili ni uvungu. Gari hili liko chini, na jiwe moja la njia ya Kolo linaweza kupasua bakuli la mafuta ya injini. Fungeni bamba la chuma chini ya injini, na panapokuwa na mawe mengi, egesheni mtembee kwa miguu. Michoro ile, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imewasubiri watu kwa karne nyingi. Nusu saa ya kutembea haitaipotezea kitu.

Kuhusu injini, ninapendekeza ya petroli ya lita 2.7 kwa wasafiri wa aina yenu. Ya dizeli ya lita 3.0 ina nguvu nzuri ya kupandia na inakula mafuta kidogo, lakini nozeli zake ni ghali na hazivumilii mafuta machafu, nanyi hamuwezi kujua mtajaza wapi mkiwa mbali na mji. Kumbukeni pia kwamba injini iko chini ya viti vya mbele na joto lake hupanda. Msihifadhi chakula wala mtungi wa gesi karibu na hapo.

Jambo ninalotaka kulikazia kuliko mengine yote ni uzito, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia kwalo. Gari langu la kwanza la kulala nililitengenezea kabati na kitanda cha mninga, kwa kuwa ninaupenda mninga na fundi wangu anaujua. Ilikuwa kazi ya kupendeza macho. Nikaongeza pipa la maji la lita 100, betri mbili na vyombo vya chuma, nikaelekea Haubi pamoja na mke wangu, na kabla hatujafika jani kuu la springi ya nyuma likavunjika. Tulikaa siku mbili kando ya njia tukisubiri springi iletwe, na wenyeji walitutunza kwa ugali na mlenda ambao sitausahau. Hesabu ni rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja, na mbao ngumu za kabati moja zinaweza kuuzidi uzito wako. Tumieni plaiwudi nyembamba kwenye fremu nyepesi, maji yasizidi lita 60, na vitu vizito vikae chini, katikati ya ekseli mbili. Kisha, likiwa limejaa kila kitu pamoja nanyi wawili, lipitisheni kwenye mzani, na kipimo mkilinganishe na uwezo ulioandikwa na kiwanda. Fedha mtakazookoa kwa kuuacha mninga ziende kwenye matairi yenye daraja la mizigo, shokapu mpya, na tairi la akiba la pili, kwa maana miiba ya migunga haichagui.

Vumbi nalo lina dawa. Gari la aina hii likienda kasi, hewa ya nyuma huvuta vumbi ndani kupitia mlango wa nyuma. Badilisheni mipira ya milango yote kabla ya kuanza useremala, na mkiwa kwenye vumbi fungeni vioo, washeni feni ikivuta hewa ya nje kwa nguvu, ili msukumo wa ndani uwe mkubwa kuliko wa nje. Usiku fanyeni kinyume: fungueni sehemu mbili zinazotazamana, zote ziwe na wavu wa mbu, hewa ipite juu ya kitanda. Mwezi wa Oktoba na Novemba hamtalala bila hilo.

Na mnaporudi Mtera, msiegeshe karibu na maji kama mlivyokuwa mkipiga hema. Bwawa lile lina mamba na viboko, na kiboko hutoka usiku kwenda malishoni kwa njia yake ya siku zote.

SWALI: Nina HiAce ambalo tayari nimeweka kitanda. Mke wangu ana dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi, kwa hiyo friji kwetu ni ya lazima. Fundi mmoja ameniambia niiunganishe kwenye betri ya gari, mwingine anasema ninunue jenereta. Nifuate ushauri wa nani?
Msomaji, Singida

JIBU: Usifuate wa yeyote kati yao. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kuendesha friji usiku kucha, asubuhi gari halitawaka, na baada ya kufanya hivyo mara kadhaa betri yenyewe itakuwa imeharibika. Jenereta nayo inapiga kelele, inahitaji petroli ndani ya gari mnalolala, na moshi wake ni hatari.

Weka betri ya pili ya kazi hiyo tu. Friji ya kompresa ya lita 40 inayotumia volti 12, katika joto la kwetu, hutumia takriban wati-saa 400 hadi 500 kwa siku. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba karibu wati-saa 1,280, kwa hiyo inakupa siku mbili hata jua likikosekana. Betri ya asidi ya ukubwa uleule haifai kushushwa chini ya nusu, na ni nzito zaidi ya mara mbili. Juu ya paa funga paneli ya sola ya wati 200, ukiacha nafasi ya vidole vinne kati yake na bati, kwa kuwa paneli inayopata joto kali hupunguza umeme, na upepo wa Singida utaipoza bure. Ongeza kifaa kinachochaji betri hiyo kutoka kwenye altaneta, yaani kizalisha umeme cha injini, wakati unaendesha. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na nyaya ziwe nene, kwa sababu kwa volti 12 waya mwembamba hupata moto na unaweza kuunguza gari lote.

Kwa kuwa jambo lenyewe ni dawa, weka kipimajoto ndani ya friji na umuulize mfamasia dawa hizo zinastahimili nyuzijoto ngapi. Dawa nyingi za baridi huharibika pia zikiganda, hivyo zisigusane na ukuta wa friji.

SWALI: Usiku wa Julai huku Kondoa kuna baridi. Je, tunaweza kuweka jiko la mkaa lililokwisha kukolea, lisilotoa moshi, ndani ya gari kwa nusu saa kabla ya kulala?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Hapana, ndugu yangu, hata kwa dakika tano. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na ndani ya gari lililofungwa inaweza kuwaua mkiwa usingizini. Hali ni hiyohiyo kwa kuacha injini ikinguruma ili mpate joto. Chukueni blanketi mbili nzito na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni. Gesi ya kupikia itumike nje, na mtungi ukae katika kisanduku chenye tundu sakafuni linalotokea nje, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini, palepale mnapolala.

SWALI: Tunapaka upya gari letu la safari. Mke wangu anapenda buluu iliyokolea. Kuna ubaya wowote?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kama hamtoki mjini, hakuna. Lakini mnaishi karibu na mapori yenye mbung'o, na wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huvutwa pia na kitu kikubwa kinachotembea, hivyo gari la buluu porini huwaita mara mbili. Mshauri mkeo achague rangi ya mchanga au nyeupe, ambazo pia hupunguza joto la ndani, na buluu yake aipate kwenye mapazia. Mkishabadilisha rangi, au mkiondoa viti, nendeni TRA ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe, na mjulisheni bima pia, kabla ya safari ya kwanza.