Kadi ya chanjo sawa, faili la hospitali hapana

Pole dada, kwahiyo bosi anataka kadi ya homa ya manjano na picha ya faili lako la hospitali, tena utume kwenye grupu la watsapu la kazini? Duh. Kadi mpe tu, we si unapanda boti na mizigo kwenda Kalemie, Kongo, kule bila ile ya njano unasumbuliwa, na akikwambia imeexpaya mwambie tangu 2016 sindano moja ni ya maisha hata kama imeandikwa miaka 10. Ila muoneshe anakili namba na tarehe urudi nayo mkobani, usiiache ofisini.

Faili sasa, hapo kataa. Mambo ya afya ni taarifa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na kupima ukimwi kwa lazima sheria ya ukimwi ya 2008 ilishakataza. Mimi nilishaona dawa za mwenzetu zikijadiliwa mpaka kwa wauza samaki wa migebuka, we acha tu. Mwandikie meseji kistaarabu, uliza anaitaka ya nini, majibu yake piga skrinshoti. Akikufukuza una siku 30 kufika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usizembee.