Kufunga na kuungama wakati wa Majilio

Dada, umeuliza kama Wakatoliki tunalazimika kufunga wakati wa Majilio, yaani majuma ya kungojea Noeli, kama Kwaresima, na kama kuungama siku moja mbele ya Noeli kunatosha. Kufunga si lazima. Siku za lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ukipenda funga, nani atakukataza? Ila padri anavaa zambarau, rangi ya toba, na wimbo wa "Utukufu" hauimbwi Dominika zile nne, kwa hiyo usidhani ni wakati wa kununua nguo mpya tu.

Kuhusu toba, soma Luka 3:10-14. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini?" Naye hawatumi jangwani wakale nzige kama yeye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango. Askari wasimnyang'anye mtu. Kila mmoja anaguswa palepale kazini kwake. Hapa Bukavu, anayepima unga sokoni Kadutu kwa kopo lililobonyezwa kitako anajua vizuri Yohane angemwambia nini. (Askari wa barabarani wenye filimbi pia, lakini hayo tuyaache.)

Kuungama tarehe 24 ni halali kabisa, sema utakuta foleni ndefu na padri amechoka. Mimi ningeenda wiki ya pili ya Majilio, ili nipate nafasi ya kulipa madeni ya watu na kumsalimia wifi tuliyenuniana tangu matanga. Saa za kitubio muulize katekista wa shirika lenu, yaani jumuiya yenu ndogo ya Kikristo.