Kifundo kuteguka kwenye ngumi na mateke: nilirudi mapema mno, nikalipa miezi minne

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umeteguka kifundo cha mguu wa kushoto kwenye sparingi (pambano la mazoezi), leo siku ya 16, uvimbe umeshuka, unatembea bila kuchechemea, na kocha anasema pambano la wiki tatu zijazo liko palepale. Unauliza kama unaweza kuanza begi, ule mfuko wa kupigia mazoezi, ukitumia mguu mzima tu, yaani wa kulia usioumia, kupiga mateke. Mimi si daktari. Nimecheza ngumi na mateke miaka 11 na nimewahi kukaa hapohapo ulipokaa, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Yangu ilikuwa hivi. Nilirusha teke la kulia, mwenzangu akalidaka na kunivuta. Nikabaki narukaruka kwa mguu wa kushoto nikitafuta pa kusimama, na pale magodoro mawili yalipokutana palikuwa na upenyo. Unyayo ukalala kwa ubavu wa nje, nikasikia "ta!" kama kijiti kikavu. Jioni kifundo kilikuwa kama embe dodo. Nyumbani wakanikanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha akaitwa mzee wa kuchua, akanichua hadi machozi yakanitoka. Kesho yake mguu haukuingia hata kwenye kandambili. Walinifanyia kwa upendo, lakini ndani damu ilikuwa bado inavuja, na joto pamoja na kuchua kwa nguvu siku zile za mwanzo viliongeza uvimbe. Wewe siku hizo zimeshapita. Nawaandikia watakaosoma baadaye: siku za kwanza nyanyua mguu, funga bandeji ya kukaza, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa. Na kama huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza ile mifupa iliyochomoza pande za kifundo, hasa kwa nyuma na kwenye ncha, unaruka kwa maumivu, nenda ukapigwe eksirei. Mfupa uliovunjika hauchuliwi.

Sasa kosa langu kubwa. Siku ya 20 nilikuwa natembea vizuri kabisa. Nikameza dawa ya maumivu, nikajifunga bandeji, nikarudi sparingi. Raundi ya pili nikapiga teke la kushoto kwa nguvu, hakuna shida. Nikafurahi. Nikafuatisha la kulia, mguu wa kushoto ukazunguka juu ya godoro, na kifundo kikakunjika upande uleule bila mtu kunigusa. Mara hii nilikaa nje miezi minne.

Ndiyo maana hiyo hesabu yako ya "nitapiga kwa mguu mzima tu" imenishtua. Teke la kuzungusha linaanzia kwenye mguu wa kusimamia. Kisigino kinanyanyuka, uzito wote unakaa mbele ya unyayo, na mwili mzima unazungukia hapo. Ukipiga kwa mguu mzima, mguu mgonjwa ndio unaobeba kazi yote. Kupiga kwa mguu mgonjwa nako kuna hatari yake: ukigonga kwa mgongo wa unyayo badala ya ugoko, unyayo unasukumwa chini na ligamenti (kamba inayoshika mfupa na mfupa) ileile iliyochanika, ya mbele upande wa nje, inavutwa tena.

Mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja nifumbe macho. Wa kulia nikasimama raha mustarehe. Wa kushoto, hata sekunde tano sikufika, nikashika ukuta. Akanieleza kwamba ligamenti, licha ya kushika mfupa na mfupa, zina mishipa ya fahamu inayoupelekea ubongo habari za mguu umekaaje. Zikichanika habari inachelewa, na misuli ya ubavu wa nje inachelewa kukaza. Maumivu yanaweza kuisha huku habari bado inachelewa, na kwa sababu hiyo mtu aliyewahi kuteguka ndiye aliye rahisi kuteguka tena. Tangu siku hiyo nilipiga mswaki asubuhi na usiku nikiwa nimesimama kwa mguu wa kushoto tu. Wiki ya kwanza nilichafua shati kila siku. Baadaye nikasimama juu ya mto, kisha juu ya mto nikidaka mpira niliorushiwa na mdogo wangu.

Alinipa na vipimo viwili ambavyo hata wewe unavifanya nyumbani bila senti. Cha kwanza: vua viatu, tazama ukuta, gusa ukuta kwa goti bila kisigino kunyanyuka. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo hadi mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa, upime kutoka kidole gumba hadi ukutani. Wangu wa kulia ulikuwa sentimita 11, wa kushoto 6. Cha pili: simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, nyanyuka kwa vidole, shuka taratibu, uhesabu. Kulia 25, kushoto 9. Niliona aibu, lakini angalau nikajua kazi iko wapi. Sikuruhusiwa kurusha teke lolote hadi miguu yote miwili ilipokaribia kulingana, na baada ya hapo kurukaruka kwa mguu mmoja mbele, nyuma na pembeni bila woga.

Katikati ya hapo usikae bure. Mimi niliweka kiti cha plastiki mbele ya begi, nikapiga ngumi nimekaa, raundi sita za dakika tatu. Jaribu, mabega yatakuambia.

Kurudi kwenyewe nilikwenda hivi: kupigana na kivuli bila mateke, kisha mateke ya polepole hewani, kisha begi, kisha pedi za kupigia anazoshika kocha, kisha sparingi ya ufundi na mtu ninayemwamini asiyedaka miguu, mwisho kabisa sparingi kamili. Kila ngazi mazoezi mawili au matatu. Kilichokuwa kinaamua ni kifundo cha asubuhi ya pili: kikiamka kimevimba au kimekakamaa kuliko jana, narudi ngazi moja nyuma, bila kubishana nacho. Na kagua magodoro kabla hujapanda. Upenyo uzibwe kwa utepe wa gundi kama hakuna namna nyingine.

Umetaja pia kwamba ulipoanguka kichwa kiligonga chini na ukaona nyota. Hilo lina njia yake na halingojei kifundo. Daktari akuone kwanza. Hakuna sparingi wala pambano hadi akuruhusu.

Kuhusu pambano: mwambie kocha wiki hii, si siku tatu kabla, kwamba haupo. Akijua mapema atapata mtu wa kuziba nafasi, na mpinzani wako hatapoteza maandalizi. Kama ni kocha wa kweli atanuna siku mbili tu. Akikulazimisha, mwonyeshe tofauti ya vipimo vyako.

Pima goti na ukuta leo usiku, miguu yote miwili, halafu uandike hapa tofauti ni sentimita ngapi. Tutaanzia hapo.