Swali la mbunge likitua mezani kwako: lijibiwe vipi

Mkuu uliyeanzisha uzi, swali lako ni hili: uko ofisi ya wilaya ya wakala wa serikali, mbunge wa jimbo amekutumia ujumbe wa WhatsApp akitaka kujua mradi wa maji wa kijiji fulani umekwamia wapi na fedha zimekwenda wapi, na bosi amekwambia tu "mjibu". Waliotangulia hapa, wengine wamesema ukae kimya, wengine wamesema umpe kila kitu kwa sababu ni mheshimiwa. Yote mawili yatakuponza.

Kabla ya kutafuta takwimu, tazama swali limeingilia mlango gani. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wa Waziri huyo. Anayeulizwa ni Waziri. Wewe ni mwandaaji wa maneno yatakayosemwa na mtu mwingine, ambaye huenda hajawahi kufika kijijini hapo, na ambaye atasimama mbele ya mtu aliyelala hapo wiki iliyopita. Ukilielewa hilo, mengi yatajipanga yenyewe.

Ujumbe wa simu ndio mlango mwepesi kuliko yote na ndio unaomaliza watu. Usimpuuze, usibishane, na usimtumie takwimu humo. Andika: "Nimepokea Mheshimiwa. Nalifikisha kwa Meneja leo, utajibiwa rasmi kwa maandishi kabla ya Ijumaa." Kisha andika dokezo kwa bosi wako ukieleza nani ameuliza, nini, lini na kwa njia gani, uliweke kwenye jalada la mradi au kwenye e-Ofisi (mfumo wa majalada wa kielektroniki wa Serikali) kama ofisi yenu imeshaunganishwa. Dokezo hilo ndilo kinga yako siku mtu atakaposema "huyu kijana alimwambia mbunge mradi umekufa". Akikupigia msaidizi wa mbunge, utaratibu ni huohuo. Bosi akisema "mjibu" kwa mdomo, muulize swali moja: jibu linatoka kwa saini ya nani?

Barua rasmi ya mbunge ni rahisi zaidi. Inaelekezwa kwa mkuu wa taasisi na inajibiwa na mkuu wa taasisi. Ikichukua muda, peleka barua fupi ya kukiri kuipokea, yenye tarehe ya kujibu. Nakala ya jibu iende kwa Katibu Mkuu wa wizara yenu na kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa sababu mbunge huyo ni mjumbe wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa na pia wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na jambo hilohilo litaibuka huko. Hakuna aibu kubwa kama halmashauri kusoma takwimu moja barazani na wakala kuwa na nyingine kwenye barua.

Sasa swali la Bungeni lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi iliko.

Linashuka hivi: Ofisi ya Bunge, wizara, dawati la Bunge la wizara, makao makuu ya taasisi yenu, mkoa, halafu wewe. Kila ngazi imekula muda wake, kwa hiyo linapokufikia unaweza kuwa na siku mbili, wakati mwingine saa chache. Ndiyo maana ofisi zinazojipanga hazisubiri swali. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni kila mwaka; ifikapo Machi kila mradi unatakiwa uwe na karatasi yake moja iliyohuishwa: jina la mradi, kijiji na vitongoji, thamani ya mkataba, mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, fedha, hatua, tatizo.

Jibu lenyewe lina umbo lake na usilibuni upya. Linaanza "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa ..., naomba kujibu swali la Mheshimiwa ..., Mbunge wa ..., kama ifuatavyo", halafu aya mbili au tatu fupi. Swali likiwa na sehemu (a) na (b), jibu nalo liwe na (a) na (b). Linasomwa kwa sauti, kwa hiyo sentensi ndefu yenye mabano na vifupisho itamkwamisha Naibu Waziri katikati. Lisome mwenyewe kwa sauti kabla ya kulituma. Likizidi dakika mbili, punguza.

Kosa linaloongoza ni fedha. Kuna fedha zilizotengwa kwenye bajeti, fedha zilizopokelewa, fedha zilizolipwa, na madeni yaliyohakikiwa ambayo hayajalipwa. Ni vitu vinne tofauti, na waandishi wa majibu huvichanganya kila mwaka. Tuseme mkataba ni shilingi 1,180,000,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, yaani 1,000,000,000 bila VAT. Tayari hapo kuna namba mbili sahihi, na ofisi mbili zitatoa kila moja ya kwake. Mwaka huu zimetengwa milioni 800, zimepokelewa milioni 350 na zote zimelipwa, na mkandarasi ana hati za malipo za milioni 210 zilizoidhinishwa zikisubiri fedha. Kazi uwandani imefikia asilimia 55 lakini malipo ni asilimia 30 ya mkataba. Sasa ukiandika "Serikali imetenga shilingi milioni 800 na utekelezaji unaendelea vizuri", hujasema uongo, ila mbunge anajua mkandarasi ameondoka na mtambo wake. Atasimama kwenye swali la nyongeza na kusema hivyohivyo, na Waziri wako hatakuwa na la kujibu. Jibu linalosimama ni hili: kazi imefikia asilimia 55, zimelipwa milioni 350, mkandarasi anadai milioni 210 zilizohakikiwa, na maombi ya fedha hizo yamewasilishwa tarehe fulani. Halipendezi, lakini haliwezi kupinduliwa.

Kila takwimu iwe na tarehe: "hadi tarehe 31 Machi". Takwimu isiyo na tarehe ni ya mwaka gani?

Kosa la pili ni asilimia za huduma. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilihesabu kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, ndani ya mita 400. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 3,400 chenye vituo 12 kinahesabiwa kuhudumia watu 3,000, yaani asilimia 88. Lakini kama vituo 5 vimekufa, vinavyotoa maji ni 7, sawa na watu 1,750, yaani asilimia 51. Karatasi ya makao makuu huwa inabeba 88, na wananchi wanaishi ndani ya 51. Umeme una mtego wa aina hiyohiyo: kijiji kimehesabiwa kimefikiwa kwa sababu nguzo zimefika senta, huku vitongoji vitatu vikiwa gizani. Mbunge anauliza kitongoji, wewe unajibu kijiji. Tazama swali limetaja nini hasa, jibu hichohicho, na ukitumia asilimia sema imehesabiwa kwa vituo vinavyofanya kazi au kwa vyote vilivyojengwa. Piga simu kwa mtendaji wa kijiji na kwa fundi wa jumuiya ya watumia maji siku hiyohiyo. Usitegemee ripoti ya robo iliyopita.

Majina nayo. Kuna vijiji vingi vinavyoitwa Mtakuja na Majengo nchini. Andika kijiji, kata na wilaya. Jimbo linaweza kuwa na jina tofauti na la halmashauri, na mbunge wa viti maalumu hana jimbo, kwa hiyo usimwandikie "Mbunge wa Jimbo la".

Kisha kuna karatasi ambayo wengi hawaiandiki, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko jibu la msingi: maelezo ya ziada kwa Waziri. Jibu la msingi mbunge analitarajia. Pigo analiweka kwenye maswali ya nyongeza, na wabunge wa majimbo mengine nao wanaweza kupewa nafasi kwa jambo linalofanana. Kwa hiyo kaa kwenye kiti cha mbunge, ujiulize angeuliza nini baada ya kusikia jibu lako. Kwa nini mkandarasi huyu na si mwingine? Mradi wa kata jirani umekamilika, huu kwa nini bado? Je, Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge? (Hilo la mwisho linaulizwa karibu kila siku, na ratiba ya Waziri si yako kuiahidi.) Andika maswali matano au sita na majibu ya mistari miwili miwili, pamoja na hali ya miradi yote ya jimbo hilo kwenye ukurasa mmoja. Weka na namba ya simu ya mtu anayejua, ambaye simu yake itakuwa hewani asubuhi ya kipindi cha maswali.

Kuhusu lugha: "hivi karibuni", "mchakato uko mbioni" na "kadri fedha zitakavyopatikana" zimechakaa. Ya mwisho unaweza kuitumia, lakini tu baada ya kusema kilichokwishafanyika: usanifu umekamilika, makadirio ni kiasi gani, na mradi umeombewa bajeti ya mwaka upi. Upande wa pili, usiandike tarehe ya kukamilisha ambayo mkandarasi hajaithibitisha kwa maandishi. Kila linalosemwa ukumbini linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansadi, na ahadi za Serikali zinafuatiliwa. Miaka miwili baadaye mbunge anasimama na ukurasa mkononi.

Wakati wa kuchangia hotuba ya bajeti mambo ni tofauti. Mbunge anazungumza asubuhi, na Waziri anahitaji majibu kabla ya kuhitimisha hoja. Wizara itataka sentensi moja yenye namba moja, ndani ya nusu saa. Ile karatasi ya mradi ya mwezi Machi ndiyo itakuokoa hapo.

Kamati za Bunge nazo zina uzito wake. Kamati ya Hesabu za Serikali, ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma zinafanya kazi zikiwa na ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) mkononi, na zina mamlaka ya kuita watu na nyaraka. Kutoa maelezo ya uongo mbele ya kamati ni kosa chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge. Anayejibu ni afisa masuuli, yaani kiongozi anayewajibika kwa fedha za taasisi. Wewe nyuma yake unampa ukurasa, huongei mpaka uitwe na mwenyekiti. Hoja ya ukaguzi haijibiwi kwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Inajibiwa kwa kielelezo: risiti, hati ya makabidhiano, barua ya benki, vimepewa namba na kupangwa kwa mfuatano wa hoja. Kielelezo kisipokuwepo, sema hakipo na eleza hatua. Wajumbe wameshaona nyaraka nyingi zilizotengenezwa usiku wa kuamkia kikao, tarehe za nyuma na wino mbichi.

Kuna ambayo hutayatoa hata mbunge akikasirika. Jambo likiwa mahakamani, taja shauri na mahakama, ukomee hapo. Zabuni ikiwa kwenye tathmini, sema iko kwenye tathmini; majina na bei hapana. Na mwananchi mmojammoja, kwa mfano mstaafu aliyemlalamikia mbunge kuhusu mafao yake au mtumishi aliyesimamishwa kazi, taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa ya maandishi ya mhusika, au mjibu mhusika mwenyewe na umwarifu mbunge kuwa amejibiwa. Kumkatalia kunataka heshima na sababu: taja sheria, taja unachoweza kumpa badala yake, na mwelekeze kwa Katibu Mkuu.

Wabunge wa vyama vyote wapewe jibu lenye ubora uleule na kwa kasi ileile. Na acha kabisa mchezo wa kumpelekea mbunge swali la kupandikiza ili wizara ione mradi wako. Unafanyika, najua, na siku swali linaposomwa likiwa na lugha ya kiofisi mno, kila mtu wizarani anajua limetoka wapi.

Ukigundua takwimu uliyopeleka ina kosa, usisubiri. Kabla jibu halijasomwa, piga simu dawati la Bunge na utume karatasi iliyosahihishwa yenye neno "mbadala" na saa juu yake, ili zisichanganyike. Likiwa limeshasomwa, mwandikie bosi siku hiyohiyo namba iliyosomwa, namba sahihi na chanzo cha tofauti. Kusahihisha ukumbini ni kazi ya Waziri. Kanuni za Bunge hazimruhusu mtu kusema uongo bungeni, na mbunge anaweza kuomba mwongozo wa Spika. Afadhali Waziri awahi mwenyewe.

Kwa hilo la kwako: mjibu leo kwa ule ujumbe mfupi, andika dokezo, kamuulize mhasibu zile namba nne za fedha, na nenda kijijini ukahesabu vituo vinavyotoa maji. Rasimu ya barua imsubiri Meneja kusaini.